GOTI LA MFANYAKAZI NA MAZOEZI YA POLEPOLE

Mara nyingi kurasa hizi huzungumzia mishahara, mikataba na saa za kazi. Safari hii tunazungumzia goti. Asije mtu akadhani kwamba tumeacha kazi ya chama tukageuka waganga. Mfanyakazi hana mtaji mwingine ila mwili wake. Mashine ya kiwanda ikiharibika, mwenye kiwanda huagiza kipuri. Goti la mfanyakazi likiharibika, mshahara ndio unaoanza kuyumba, na nyumba nzima inayumba pamoja nao. Kwa hiyo goti ni jambo la chama kama vile mshahara ulivyo jambo la chama.

Twajua pia kwamba wengi wenye maumivu ya goti huyaficha. Mtu huchechemea njiani, lakini akifika langoni hujikaza atembee sawasawa ili msimamizi asimwone. Huogopa kuambiwa kwamba amekwisha, kwamba kuna vijana wengi nje wanaongoja nafasi. Maumivu yaliyofichwa hayaponi. Huongezeka, mpaka siku moja mtu ashindwe kabisa kuinuka.

Katika makala hii tutaeleza mambo manne: kazi inavyoliumiza goti; kwa nini goti linaloumwa linahitaji kutumiwa kwa upole badala ya kulazwa tu; mazoezi ya Kichina yaitwayo taichi ni nini na yamethibitishwa namna gani; na jinsi mfanyakazi wa Kigali na wa mashamba ya jirani anavyoweza kuanza leo bila kununua kitu.

KAZI INAVYOLIUMIZA GOTI

Tazama kwanza kazi zetu wenyewe. Mshonaji katika viwanda vya nguo vya Masoro huketi kutwa, goti limekunjwa, mguu mmoja uko juu ya pedali. Anayesimama mbele ya mashine au mkanda wa kupakia chupa husimama juu ya saruji saa baada ya saa, bila kuhama. Mpakiaji katika maghala ya kahawa hubeba gunia la kilo 60 begani, na hupanda nalo ubao hadi kwenye lori. Mkata miwa katika mabonde ya Nyabugogo na Nyabarongo huinama, huinuka, na kuinama tena, huku akikanyaga udongo wenye utelezi. Mchuma chai huko Mulindi au Kinihira hupanda na kushuka mteremko na kikapu mgongoni, na jani bichi la asubuhi yenye mvua lina uzito kuliko la jua.

Halafu kuna njia ya kurudi nyumbani. Mji wa Kigali umejengwa juu ya vilima, na wengi wetu tunakaa juu huku tukifanya kazi chini, au kinyume chake. Watu hudhani kwamba kupanda ndiko kunakoliumiza goti, kwa sababu kunamaliza pumzi. Lakini kwa goti, kushuka ndiko kugumu zaidi. Unaposhuka, msuli wa paja hufanya kazi ya breki, na pia ya goti hubanwa kwa nguvu juu ya mfupa wa paja.

Wataalamu wamepima mzigo unaoliangukia goti. Mtu anapotembea mahali pa tambarare, kila hatua hulitwisha goti uzito wa mara mbili hadi tatu ya uzito wa mwili wake. Kwenye ngazi mzigo huo huongezeka. Mtu wa kilo 60 akiongeza gunia la kilo 60, msomaji anaweza kupiga hesabu mwenyewe. Imejulikana pia kwa muda mrefu kwamba kazi za kupiga magoti, kuchuchumaa na kuinua vitu vizito mara kwa mara huongeza hatari ya goti kuchakaa. Basi goti la mfanyakazi haliumwi kwa sababu ya uvivu wala kwa sababu ya uzee peke yake. Linaumwa kwa sababu limefanya kazi.

GOTI LILIVYO NDANI

Goti ni mahali ambapo mfupa wa paja hukutana na mfupa wa muundi, na mbele yake kuna kifupa kidogo cha mviringo kiitwacho pia ya goti. Ncha za mifupa hii zimefunikwa na gegedu, yaani kitu laini chenye kuteleza, cheupe, kama kile mnachokiona kwenye kiungo cha ng'ombe buchani. Katikati kuna ute unaolainisha, kama mafuta katika mashine. Kano huifunga mifupa isiachane, na misuli ya paja hulishikilia goti lisiyumbe.

Sasa angalieni jambo moja ambalo ndilo msingi wa makala hii. Gegedu halina mishipa ya damu. Chakula chake hulipata kutoka katika ule ute. Mtu anapokanyaga, gegedu hubanwa na kutoa maji machafu. Anapoinua mguu, gegedu hupanuka na kufyonza ute mpya, mithili ya sifongo. Kwa hiyo goti lisilosogezwa kabisa hukosa chakula. Goti linalobanwa bila kuachiwa, kama la yule anayesimama palepale kutwa, nalo halipati chakula sawasawa. Goti hushiba kwa kubanwa na kuachiwa, kubanwa na kuachiwa, kwa kiasi.

Jambo la pili ni misuli. Msuli wa paja ukiwa na nguvu, hupokea sehemu kubwa ya kishindo kabla hakijafika kwenye mfupa. Ukidhoofika, kishindo chote hulifikia goti. Hapo huanza mzunguko mbaya: goti linauma, mtu haliazimii kulitumia, halitumiwi, msuli unasinyaa, msuli umesinyaa, goti linauma zaidi.

Ndiyo sababu tunasema kwamba kulala kitandani wiki nzima si dawa ya goti lililochakaa. Kupumzika siku moja mbili baada ya kuvimba ni sawa. Zaidi ya hapo, goti linadai kazi, ila kazi ya upole. Si kazi ya gunia, na si mbio za kupanda kilima. Wanyarwanda husema "buhoro buhoro ni rwo rugendo", nasi katika Kiswahili twasema polepole ndio mwendo. Kwa goti, maneno haya ni ushauri wa daktari.

TAICHI NI NINI?

Taichi ni mazoezi yaliyotoka China. Chanzo chake ni mbinu za kupigana, na kijiji cha Chenjiagou katika jimbo la Henan hutajwa kuwa mojawapo ya makao yake ya kale. Siku hizi mamilioni ya watu huyafanya kwa ajili ya afya, wengi wao wazee, katika bustani na viwanja, asubuhi na mapema. Mwaka 1956 halmashauri ya michezo ya China ilitengeneza mfululizo mfupi wa mitindo 24 ili watu wa kawaida waweze kujifunza bila kutumia miaka. Desemba 2020 shirika la UNESCO liliyaingiza mazoezi haya katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu.

Mtu anayefanya taichi husimama magoti yakiwa yamelegea kidogo, mgongo wima. Huhamisha uzito kutoka mguu mmoja kwenda mwingine polepole sana, huku mikono ikizunguka na pumzi ikienda taratibu. Haruki, hapigi kishindo, hainui chuma. Anayetazama kwa mbali huweza kucheka akasema hiki ni kitu gani, mtu anaogelea nchi kavu! Lakini ajaribu yeye kusimama juu ya mguu mmoja akihesabu hadi nne, kisha mwingine, kwa dakika kumi. Ataona jasho linatoka na mapaja yanatetemeka. Hapo ndipo msuli unapojengwa, na goti halikupata hata kishindo kimoja.

Wengine huuliza kama hii ni dini ya kigeni. Mazoezi tunayoyaeleza hapa hayana sala wala ibada. Ni kusimama, kupumua na kusogeza miguu. Mwislamu, Mkristo na asiye na dini wote wanaweza kuyafanya.

USHAHIDI UPO?

Mfanyakazi ana haki ya kuuliza ushahidi kabla ya kupoteza dakika zake. Ushahidi upo.

Mwaka 2009 watafiti wa hospitali ya Tufts katika mji wa Boston, Marekani, wakiongozwa na daktari Chenchen Wang, walichapisha matokeo ya uchunguzi juu ya watu 40 wenye magoti yaliyochakaa. Nusu yao walifundishwa taichi mara mbili kwa wiki kwa wiki 12. Nusu nyingine walipewa mafunzo ya afya na mazoezi ya kujinyoosha. Waliofanya taichi walipungukiwa maumivu zaidi na waliweza kutembea na kufanya shughuli zao vizuri zaidi.

Mwaka 2016 watafiti hao walitoa matokeo ya uchunguzi mkubwa zaidi, wa watu 204. Safari hii walilinganisha taichi na matibabu ya kawaida ya mtaalamu wa tiba ya viungo, yale ambayo hospitali hutoa. Baada ya wiki 12 makundi yote mawili yalikuwa yamepata nafuu kubwa, na nafuu ya taichi haikuwa ndogo kuliko ile ya hospitali. Walipopimwa baada ya mwaka, nafuu ilikuwa bado ipo. Kisha katika mwongozo wao wa mwaka 2019, madaktari wa maungo wa Marekani waliyaweka mazoezi ya taichi miongoni mwa mambo wanayoyapendekeza kwa nguvu kwa mgonjwa wa goti na wa nyonga, pamoja na mazoezi mengine na kupunguza uzito.

Yafaa tuseme ukweli wote. Watu waliochunguzwa Boston hawakuwa wakata miwa wala wabeba magunia. Hawakutoka kwenye taichi wakaenda kupanda mteremko na kikapu. Taichi hairudishi gegedu lililokwisha lika, wala haiwezi kushinda mzigo usio na kipimo. Inachoweza ni kutia nguvu misuli, kupunguza maumivu na kumfanya mtu awe imara miguuni asianguke. Hayo si madogo.

JINSI YA KUANZA

Mazoezi haya yanatosha kwa mtu anayeanza. Yanachukua dakika 15 hivi. Hayahitaji uwanja, yanahitaji mahali palipo sawa na ukuta au kiti cha kushikilia. Vaa viatu visivyoteleza, au simama pekupeku mahali pasafi.

1. Kupasha mwili moto. Tembea palepale ulipo kwa dakika 2, ukiinua miguu kidogo tu. Zungusha mabega. Kunja na kunjua vifundo vya miguu.

2. Kusimama na kupumua. Simama miguu ikiwa na upana wa mabega, vidole vimetazama mbele. Legeza magoti, yasikazwe kama mti, yasikunjwe kama unataka kuketi. Ukivuta pumzi, inua mikono mbele hadi kimo cha mabega. Ukitoa pumzi, ishushe, na magoti yalegee kidogo pamoja nayo. Fanya mara 6.

3. Kuhamisha uzito. Panua miguu kidogo zaidi. Hamisha uzito wote kwenda mguu wa kulia, ukihesabu moja hadi nne, mpaka mguu wa kushoto uwe mwepesi kama debe tupu. Kisha rudi kushoto kwa hesabu ileile. Fanya mara 10. Hili ndilo zoezi kuu; mengine yote ya taichi yamejengwa juu yake.

4. Hatua ya paka. Simama kando ya ukuta. Weka uzito wote mguu mmoja. Peleka mguu mwingine mbele hatua fupi. Kisigino kiguse chini kwanza bila kubeba kitu, kisha wayo, na mwisho uzito uhamie. Usiangukie mguu. Paka hukanyaga kwanza akahakikisha, ndipo akajitwika. Fanya hatua 10 kwenda na 10 kurudi.

5. Mikono kama mawingu. Rudia zoezi la kuhamisha uzito, lakini safari hii mkono mmoja upite mbele ya uso na mwingine mbele ya tumbo, ukifuata upande unaokwenda, kisha mikono ibadilishane. Kiuno na kifua vigeuke pamoja. Fanya dakika 2.

6. Kuinuka kitini. Keti kwenye kiti imara, inuka polepole bila kusukuma kwa mikono ikiwezekana, kisha keti polepole, usijitupe. Fanya mara 8 hadi 10. Kama ni vigumu, weka kitabu kinene au mto juu ya kiti ili kiwe kirefu.

7. Kunyoosha mguu. Ukiwa umeketi, nyoosha goti moja mpaka mguu uwe sawa, kaza msuli wa paja, hesabu hadi 5, shusha. Mara 10 kila mguu. Zoezi hili mshonaji anaweza kulifanya kitini pake wakati wa mapumziko.

Malizia kwa kutembea taratibu dakika 1 au 2. Fanya hivi siku 3 kwa wiki kwanza, kisha uongeze hadi siku 5. Usitazamie muujiza wiki ya kwanza. Wale wa Boston walipimwa baada ya wiki 12, nawe jipe muda huohuo.

MASHARTI YA KULINDA GOTI

Zingatia masharti haya, maana zoezi zuri likifanywa vibaya huumiza.

Goti lisivuke ncha za vidole vya mguu. Ukitazama chini usione vidole kabisa, umekwenda mbali mno.

Goti na vidole vitazame upande mmoja. Usigeuze mwili wakati uzito uko juu ya mguu. Hamisha uzito kwanza, geuza mguu uliokuwa mwepesi, kisha ujitwike tena.

Usishuke chini. Picha za mabingwa wa Kichina wanaochuchumaa mpaka ardhini si za mtu mwenye goti bovu.

Maumivu madogo wakati wa zoezi si hatari kama yanaisha kabla ya kesho yake. Goti likiamka limevimba au linauma kuliko jana, punguza nusu. Usiache kabisa.

Wakati mwingine zoezi si la kufanywa, bali ni wa kwenda kituo cha afya upesi: goti jekundu lenye moto pamoja na homa, goti lililokwama lisilokunjuka, goti lililoumia kwa kuanguka hata usiweze kukanyaga, ndama ya mguu iliyovimba, yenye moto na maumivu, au maumivu ya usiku yasiyotulia hata ukilala.

DAWA, FIMBO NA UZITO

Wengi wetu huishi kwa vidonge. Mtu hununua diklofenaki au ibuprofeni dukani, humeza asubuhi apate kuingia zamu, humeza tena jioni apate kulala, mwezi baada ya mwezi. Dawa hizi husaidia kwa siku chache, lakini zikitumiwa kwa muda mrefu bila kuangaliwa na mganga huweza kutoboa tumbo, kudhuru figo na kupandisha shinikizo la damu. Zaidi ya hayo, kidonge hunyamazisha goti huku gunia likiendelea kuliponda. Mwulize mganga kuhusu dawa ya kupaka, ambayo hatari yake ni ndogo zaidi.

Fimbo si aibu. Lakini wengi huishika vibaya. Goti la kulia likiuma, fimbo ishikwe mkono wa kushoto, itangulie pamoja na mguu mbovu. Kwenye ngazi, mguu mzima utangulie kupanda, mguu mbovu utangulie kushuka. Kwenye mteremko mkali wa kilima, shuka kwa hatua fupi na kwa kupinda-pinda, usiuvamie moja kwa moja.

Aliye na mwili mzito ajue kwamba kila kilo 1 anayoipunguza huliondolea goti kilo 4 katika kila hatua. Haya si maneno ya kumcheka mtu mnene. Ni hesabu ya faida.

Siku ya umuganda, Jumamosi ya mwisho wa mwezi, mwenye goti bovu aombe kazi ya kusimama na kutembea, kama kufagia au kupokezana vitu, awaachie wengine kazi ya kuchuchumaa na kung'oa majani. Kazi ya wote haimaanishi kila mtu afanye kazi ileile.

NAFASI ZILIZOPO KIGALI

Mji wetu una nafasi ambayo miji mingi haina. Tangu mwaka 2016 kuna Siku Bila Magari, ambapo barabara kubwa hufungwa Jumapili asubuhi na watu hutembea, hukimbia na kufanya mazoezi kwa makundi. Tangu mwaka 2018 hufanyika Jumapili mbili kila mwezi, na mara nyingi waganga hupima shinikizo la damu na sukari bila malipo. Twawashauri wenye magoti mabovu wasikae nyumbani siku hiyo kwa kudhani kwamba ni ya wakimbiaji tu. Tembeeni sehemu ya tambarare, kisha msimame pembeni kundi dogo mfanye mazoezi tuliyoyaeleza. Wenye hamu ya kujifunza taichi yenyewe wawaulize walimu wa kungfu na wushu waliopo mjini, maana taichi imo katika mchezo huo. Ila wamwambie mwalimu mapema kwamba wana goti bovu.

Kwa matibabu, mwenye bima ya Mutuelle de Santé aanzie kituo cha afya cha kwao, apewe karatasi ya kwenda hospitali ya wilaya ikihitajika. Akifika, asiombe sindano tu. Aulize kuhusu mtaalamu wa tiba ya viungo.

Aliyeanguka kazini akaumia goti asinyamaze. Mwajiri hulipa asilimia 2 ya mishahara katika Bodi ya Hifadhi ya Jamii ya Rwanda, RSSB, kwa ajili ya ajali na magonjwa ya kazini, na fedha hiyo haikatwi katika mshahara wa mfanyakazi. Ajali iandikwe siku ileile, mashahidi wapatikane, na karatasi ya hospitali itunzwe. Ajali isiyoandikwa ni ajali isiyokuwapo.

DAKIKA KUMI NI MADAI YA HAKI

Sasa tunafika kwenye jambo la chama. Mazoezi haya hayana gharama ya fedha, lakini yana gharama ya wakati. Mama anayeamka saa kumi ya usiku, akapika, akatembea hadi kiwandani, akasimama kutwa, akarudi kupika tena, tumwambie atafute wapi hizo dakika 15? Kumwambia mtu huyo afanye mazoezi bila kumpa nafasi ni kumtwika gunia jingine.

Watumishi wa serikali waliwahi kutengewa saa za Ijumaa alasiri kwa ajili ya michezo. Lilikuwa jambo jema. Lakini goti la mtu wa ofisini na goti la mpakiaji, ni lipi lililochoka zaidi? Ikiwa wakati wa kazi unaweza kukatwa kwa afya ya anayeketi mezani, unaweza kukatwa kwa afya ya anayebeba.

Sheria ya kazi Na. 66/2018 ya tarehe 30 Agosti 2018 inamtaka mwajiri ahakikishe afya na usalama mahali pa kazi, na inatambua wajumbe waliochaguliwa na wafanyakazi na kamati za afya na usalama. Basi wajumbe wetu wana mlango wa kupitia. Tunapendekeza kila tawi lipeleke mbele ya uongozi mambo haya:

Kwanza, dakika 10 za mazoezi mwanzoni mwa zamu na dakika 5 katikati, zihesabiwe kuwa saa za kazi na zilipwe.

Pili, anayesimama apewe kiti cha kupumzikia na kitu laini cha kukanyagia juu ya saruji. Anayeketi apewe ruhusa ya kuinuka kila saa.

Tatu, magunia yabebwe kwa mikokoteni panapowezekana, na panaposhindikana yabebwe na watu wawili au kwa zamu.

Nne, mwenye goti bovu aliyeleta karatasi ya mganga apewe kazi nyepesi kwa muda bila kupunguziwa mshahara.

Uongozi ukisema kwamba dakika zitapunguza kazi, wajumbe wajibu kwa hesabu. Wahesabu siku zilizopotea kwa ugonjwa katika tawi lao mwaka mzima, wahesabu muda wa kumfundisha mtu mpya kila mzoefu anapoondoka. Hesabu hiyo kila tawi liifanye lenyewe, kwa majina na tarehe, kabla ya kuingia mkutanoni.

Tena tuwe macho na jambo moja. Mwajiri mwingine atakubali upesi sana mazoezi, kwa sababu ni rahisi kuliko kununua mikokoteni. Atasema: nimewapa mazoezi, mnalia nini tena? Jibu letu liwe wazi. Zoezi huimarisha goti, halipunguzi gunia. Tunadai yote mawili.

Ndugu wafanyakazi, anzeni na watu watatu wanne wa zamu moja, wakati wa mapumziko, nyuma ya ghala au pembeni mwa shamba. Aliye na umri amfundishe kijana, na kijana asimcheke mzee, maana goti la kesho ni lake. Watakaowacheka wiki ya kwanza watakuja kuuliza wiki ya nne. Na yule anayechechemea kwa kificho aambiwe leo na mwenzake: usijifiche, si wewe peke yako, na jambo hili tumelipeleka mezani.